Aonje Yeye Kwanza

Hasira niliyo nayo juu ya ule uji haijapoa hadi leo, na wala sina mpango wa kuipoza. Watu wakiniuliza miaka ile ya mwisho ya tisini ilikuwaje Gisenyi, mpakani mwa Rwanda na Kongo, wanategemea niwasimulie risasi za milimani. Risasi zilikuwepo. Lakini mimi nikikumbuka, kinachonipandisha damu kichwani ni mama mmoja mwenye sufuria, na watu wazima wenye akili zao timamu waliomfanya mchawi.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtaa wa Mbugangari. Nilizaliwa Goma, upande wa Kongo, ambako wazazi wangu walikimbilia zamani, na vita ilipokwisha tulivuka mpaka na kurudi katika nchi ambayo mimi sikuwahi kuishi. Tulikaa karibu na mpaka kiasi kwamba shangazi zangu waliobaki Goma walikuja kutusalimu asubuhi na kuwahi kwao kupika cha mchana. Yule mama wa uji naye alirudi kutoka Kongo, kwa barabara ile ile, ila yeye alitoka kambini. Alikimbia mwaka wa mauaji ya kimbari pamoja na umati wa watu, akaishi kwenye hema juu ya mawe meusi ya volkano, na kambi zilipovunjwa akarudi bila mume, akiwa na binti mmoja tu.

Kila mtu mjini aliijua tofauti kati yangu na yeye. Sisi wa Goma watoto walituita Dubai, eti tumejaa urembo wa bei rahisi. Hilo tulilicheka. Wale wa kambini waliitwa Tingitingi, jina la kambi moja ya msituni ambako watu waliisha kwa njaa na maradhi. Binti wa yule mama aliitwa hivyo kila mapumziko, mbele ya walimu, na walimu wenzangu walikuwa wakinywa chai yao kama hawasikii. Mimi nilisikia, na nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka, na kesho yake likaitwa tena.

Sikuwa mjinga. Miongoni mwa waliorudi kutoka kambini walikuwemo walioua, na wengine walikuwa bado wanashuka usiku kutoka milimani kuendelea na kazi hiyo. Ukoo wa mama yangu uliobaki Rwanda uliisha wote. Kwa hiyo asije mtu kunifundisha hofu ni nini. Hofu yetu ilikuwa na sababu. Ila kuogopa ni jambo moja, na kukataa kutumia kichwa ni jambo lingine, na mtaani kwetu watu waliyachanganya yote mawili wakaridhika.

Mama huyo alikuwa akipika uji wa mtama wa kuuza, akiileta sufuria langoni mwa shule ikiwa imefungwa kitenge isipoe. Uji wake ulikuwa mzito, na ladha ya kuchacha kidogo kama tunavyoupenda. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kila akifungua sufuria asubuhi alichota kidogo, akaonja mbele ya mteja wa kwanza, ndipo akaanza kugawa. Hiyo ni desturi yetu sote, wa kambini, wa Goma na wasiowahi kuhama: anayekupa kinywaji huonja kwanza. Bibi yangu alimfanyia hivyo kila aliyeingia nyumbani kwake, hata padri. Ni heshima tu, kama kumpisha mkubwa kwenye kiti.

Halafu msichana mmoja wa darasa langu akaugua. Mama yake alikuwa mchuuzi wa kuvuka mpaka kila siku, mwanamke hodari, mwenye mdomo unaosikika soko zima. Mtoto alitapika, akaharisha, akabebwa hadi kituo cha afya akiwa hajitambui. Mabomba ya mtaa yalikuwa yamekauka na wengi wetu tulikuwa tunachota maji ziwani. Muuguzi alimwambia mama waziwazi kwamba mtoto ameugua kwa maji machafu na kwamba maji yachemshwe. Mama akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akatoka pale, na kabla hajafika nyumbani alishawaambia watu watatu kwamba mtoto wake amelishwa uburozi, sumu, na mama wa Tingitingi.

Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na habari. Hakuna aliyeuliza kama yule mtoto aliunywa ule uji siku hiyo. Mimi niliuliza darasani. Hakuwa ameunywa. Alikuwa amechelewa, akaingia darasani moja kwa moja.

Nilijaza maji ya ziwa kwenye chupa isiyo na rangi, nikaiweka dirishani, jua likaipiga. Baada ya siku kadhaa niliwaita watoto mmoja mmoja waitazame kwa karibu. Takataka zilikuwa zimekaa chini, kijani na kahawia, na juu yake vidudu vidogo vilikuwa vinajinyonganyonga. "Haya ndiyo mnayokunywa," niliwaambia. "Kila mmoja aende akawaambie wa nyumbani." Walikwenda wakawaambia. Wazazi wawili walikuja kunilalamikia kwamba makaa ni ghali, na kwamba mwalimu wa hesabu afundishe hesabu.

Direkteri, mkuu wetu wa shule, yeye alirudi kutoka ukimbizini Tanzania na alikuwa na Kiswahili safi, cha kukufanya uone aibu ya kugombana naye. Aliniita ofisini.

"Mwalimu, mimi sisemi kwamba ametia sumu," alisema. "Ila wazazi wana wasiwasi. Tumwombe asogee mbali na lango, na binti yake tumtafutie nafasi shule nyingine, mpaka hali itulie."

"Binti amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Ni kwa ajili ya amani."

Nilimwambia amani ya kumfukuza mtoto ambaye hajafanya kitu tunaijua, tuliwahi kuiona, na tunajua iliishia wapi. Nilisema mengine pia ambayo mwalimu hamwambii mkubwa wake. Alifuta miwani. Hakuwa mtu mbaya. Watu wasio wabaya walinichosha kuliko wabaya, miaka ile.

Nilikwenda kwa kiongozi wa seli, yaani serikali ya mtaa wetu, mzee wa Gisenyi ambaye hakuwahi kuhama. Jumamosi ilikuwa zamu ya mtaa kufanya umuganda, kazi ya pamoja, tujenge ukuta wa vyoo vya shule kwa mawe ya volkano. Nilimwomba kwamba siku hiyo uji wa wafanyakazi upikwe na mama huyo, watu wanywe mbele ya wenzao, mambo yaishe. Alikubali. Mama mwenyewe alisema atapika.

Watu walikuja, maana kukosa umuganda kulikuwa na maneno yake. Tulibeba mawe, tukatoka jasho, vumbi jeusi likatujaa puani. Sufuria ikafika. Akafungua kitenge, mvuke ukapanda, na hakuna aliyesogea. Watu waliobeba mawe tangu asubuhi walianza ghafla kufunga kamba za viatu.

Kiongozi wa seli akakohoa. "Bon," alisema. "Mama, tufanye vile tunafanyaka siku zote. Onja kwanza, batu baone, kisha tutakunywa."

Mama akaweka upawa chini.

"Siku zote mi nilionja juu ya kuwaheshimu," alisema. "Leo munataka nionje juu ya mashaka muko nayo na mi. Ile siwezi."

"Donc iko na sumu," mama wa mgonjwa alisema kwa sauti. "Kama haina, anaogopa nini?"

"Mutoto wangu anakunywaka kikombe ya kwanza kila asubui, kabla sufuria itoke ku nyumba. Nani hapa iko na mutoto wa kujaribia sumu?"

Mimi nilichukua kikombe, nikachota, nikanywa chote. Nikachota tena, nikanywa, ulimi ukaungua, sikujali. Direkteri naye, tumpe haki yake, alikunywa nusu kikombe akiwa amefumba macho. Nikafikiri tumeshinda.

"Mwalimu, we ulitoka Goma," mama wa mgonjwa akaniambia, tena kwa upole. "Batu ya Goma muko na dawa ya ile mambo. We haiwezi kukupata."

Miguuni pangu palikuwa na jiwe la ukuta. Nashukuru lilikuwa zito. Umefundisha, umeonyesha chupa, umekunywa sumu yenyewe mbele ya macho yao, na bado mtu anakupangia ukoo na mahali ulikotoka ili asilazimike kubadilisha mawazo yake. Nilitukana. Nilitukana kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na watu wakarudi makwao na kiu yao.

Viongozi wakakaa, wakaja na suluhisho. Mama abaki langoni na binti abaki darasani, ila kila kikombe anachouza akionje kwanza mbele ya mnunuzi. Kila kikombe. Wakapeana mikono. Direkteri aliita jambo hilo maridhiano, na alionekana kweli amefurahi.

Mama alikubali. Nilimfuata langoni nikiwa nimefura, nikamwuliza kwa nini, baada ya kusimama vile mbele ya mtaa mzima.

"Mutoto asome, mwalimu," alisema. "Ile ingine nitaimeza."

Basi akawa anaonja. Anachota, anaonja, mnunuzi anamkodolea macho koo mpaka amemeza, ndipo anapokea. Wateja walirudi, maana njaa haina kiburi na uji ulikuwa mtamu. Watoto walijifunza kusubiri hivyo hivyo, mikono nyuma, kama askari wa forodha. Mimi nilisimama karibu naye asubuhi nyingi nikiwaambia watoto wapokee bila kusubiri. Wa darasa langu walinitii nikiwepo. Nikigeuka wanasubiri. Lile funda la heshima la bibi yangu walikuwa wamelifanya upekuzi, nikawa najiuliza tunawafundisha nini hawa, na kwa mshahara wa nani.

Yule msichana alipona. Alirudi shuleni amekonda, sare inamning'inia, na siku hiyo ya kwanza mama yake alimsindikiza akiwa na kapu lake la biashara, apitilize mpakani. Kengele ilikuwa imeshalia. Mtoto alikwenda moja kwa moja kwenye sufuria. Mama wa uji alipomwona alisita, akatazama pembeni kama anayetafuta pa kukimbilia. Kisha akachota, akainua kikombe kukipeleka mdomoni mwake aonje.

Mtoto akakichukua mkononi mwake kabla hakijafika.

"Nitachelewa," alisema, akanywa mpaka mwisho, akafuta mdomo kwa mkono, akamrudishia kikombe.

Watu wote langoni walisimama. Kapu la mama yake lilianguka. Walikuwa wanamtazama mtoto tumboni, wanasubiri, na mimi niliyeonyesha chupa, mimi niliyetukana kwa lugha tatu, nilikuwa namtazama vile vile. Nilijikasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote mtaani. Mtoto alitushangaa, akakimbilia darasani.

Nilimgeukia mama wa uji nikitaka kumwona amefurahi. Yeye aliizunguka sufuria, akaenda kwa mama wa mtoto, yule yule aliyemwita mchawi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama, tafazali," alimwambia. "Maji ya ku nyumba muchemushe leo. Na kesho muchemushe. Mutoto akigonjwa, hata ikiwa malaria tu, mi nimekwisha."