Hina ya Kufichia Upele

Msinicheke, au chekeni tu, maana hata mimi siku hizi hucheka, lakini siku ile nyumbani kwetu Ndia Kuu nilitamani sakafu inimeze na sinia langu mkononi.

Uhuru ulikuwa bado mbichi, nami nilikuwa mwari, na Bi Zuhura, shangazi ya kijana aliyenitaka, alikuwa anakuja kunitazama, akiridhika posa ifuate. (Kijana mwenyewe nilikuwa nimeshamchungulia dirishani, na nilimtaka, tena sana.) Shida ilikuwa vidole. Kwa muda nilikuwa nikijikuna, vipele vidogo vimejaa katikati ya vidole, mdogo wangu niliyelala naye kitanda kimoja akijikuna vilevile, na mama akisema ni mbu, huku mkono wake mwenyewe hauondoki kiunoni. Basi nikapata akili yangu mbovu: nikachukua hina ya mama, nikajipaka vidole vyote mpaka vikakolea, vipele visionekane.

Nikaingia ukumbini na sinia la kahawa, najiona nimeshinda. Bi Zuhura akatazama mikono yangu, akamtazama mama, akaweka kikombe chini. Kwetu mwari hatiwi hina, hina ni ya mwenye mume, na hilo nalijua toka utotoni, lakini mwasho ulikuwa umenila akili.

"Kwani huyu yuna mume?" akauliza, taratibu.

Mama naye ndipo akaitazama mikono yangu (alishinda jikoni na mahamri yake, hina hakuiona mpaka wakati ule). Nikaiona posa yangu inavaa buibui na kutoka mlangoni.

"Si hina ya mume, Bi Zuhura," nikasema. "Nafichia upele."

Akanivuta karibu, akanitanua vidole, akauliza kama huwasha zaidi usiku, na kama wenzangu pia wajikuna. Mama akatoa mkono kiunoni.

"Hata sisi tumemaliza kuchemsha mashuka juzi," akasema Bi Zuhura. "Huyo mchumba wako alikuwa akijikuna kwa ukuta."

Niliposikia mchumba, mengine sikuyasikia tena. Mama ndiye aliyeyasikia: marhamu ya kibiriti upele, watu wote wa nyumba siku moja, hata asiyewashwa, toka shingoni hadi nyayoni, na nguo zote na mashuka yachemshwe yaanikwe juani. Nyumba ikanuka kibiriti, baba akanung'unika, akapakwa.

Hina ya haki nilitiwa siku ya arusi, na Bi Zuhura hakukubali ianze mpaka anikague vidole mbele ya wanawake wote. Tangu hapo nimeapa, kwangu mtu akijikuna hatufichani, tunapakana sote, na mume wangu ndiye wa kwanza kuvua shati.