Uchovu Usiosikia Usingizi

Milango ya biashara ilipofunguliwa, Singida mjini ilijaa mitumba kama mvua ya kwanza inavyojaza kumbikumbi. Walimu waliuza, makarani waliuza, na mimi niliyekuwa mama wa nyumbani nikauza. Jumamosi nilikuwa mnadani Mtinko, Jumanne Mkiwa. Robota la nguo nilikuwa nalishusha mwenyewe kwenye lori, wanaume wakitazama, na sauti yangu ya kuita wateja ilifika upande wa wauza mbuzi.

Kisha nikaugua homa. Haikuwa ya ajabu: koo, kichwa, viungo, wiki mbili kitandani. Wenzangu wawili walioipata walipona wakarudi mnadani. Homa yangu nayo iliondoka, lakini iliondoka na nguvu zangu.

Nililala tangu magharibi mpaka jua limetoka, nikaamka kama niliyelima usiku kucha. Nikisimama ghafla, nyumba ilizunguka. Tezi za shingoni ziliuma. Nilitia chumvi kwenye chai, na siku moja nilimwambia mume wangu aniletee kile, kile cha kupikia, kile cheusi, jina likinitoroka, mpaka akaniletea sufuria kwa huruma. Nilipimwa malaria mara tatu, haikuonekana, na mara zote tatu nikapewa klorokwini, nikajikuna kama mwenye upupu. Majirani walisema ni mimba. Walisubiri tumbo miezi saba.

Habari ilifika kwa mama mkwe wangu, kijijini karibu na Sekenke, kwamba mkwewe analala mchana. Hapakupita muda, wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, akashuka stendi na kuku mmoja na mfuko wa unga wa mtama.

"Nimekuja kukusaidia kazi," alisema.

"Karibu, wifi," nikajibu. Wote wawili tulijua ametumwa kunichunguza.

Alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Alipika, alifua, aliniangalia. Jumamosi ya pili niliamka najisikia vizuri, nikaona hii ndiyo nafasi ya kumwonyesha mimi ni nani. Nikaenda Mtinko, nikaita wateja, nikauza robota zima, nikarudi naimba. Jumapili nilifua mashuka. Jumatatu sikuweza kuinua kitana hadi kichwani. Nilikaa hivyo mpaka Alhamisi, mwili wote ukiuma, hata mlio wa redio ya jirani ukinichoma.

Wifi aliniletea uji, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Hii ni mara ya pili naiona," alisema. "Wiki ile niliyofika, ulipopaka nyumba udongo, ilikuwa hivihivi. Siku ya kazi u mzima, siku ya pili yake unajikongoja, ya tatu unaanguka. Uvivu hauko hivyo. Mvivu huchoka kabla ya kazi, na akilala huamka mchangamfu. Mimi wavivu nawajua, nimeolewa na mmoja."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikalia. Tangu niugue, hakuna aliyekuwa amesema kwamba anachokiona ni kweli.

Tulikwenda hospitali pamoja. Daktari, mtu wa makamo asiye na haraka, alinipima damu, makohozi, mkojo na sukari. Vyote safi. Nilijiandaa kupewa klorokwini ya nne. Badala yake aliweka kalamu chini.

"Umechoka hivi tangu lini?"

"Miezi tisa sasa."

"Ukilala unaamkaje?"

"Nimechoka."

"Na ukifanya kazi nyingi?"

Wifi akaniwahi. "Leo mzima, keshokutwa maiti, daktari."

Daktari alicheka, halafu akaacha kucheka. Alisema upo ugonjwa wa uchovu sugu, mara nyingi huanza baada ya homa, na wapo hata madaktari wasiouamini. "Dawa ya kuuondoa sina. Nitakupa ya maumivu. Ila nakuomba kitu kimoja: siku unayojisikia vizuri ndiyo siku ya kujihadhari. Acha kazi ukiwa bado una nguvu, usisubiri ziishe."

Wifi alirudi kijijini na maneno hayo. Mwezi uliofuata mama mkwe alikuja mwenyewe. Nilimsikia mlangoni, nikaanza kunyanyuka nimwamkie inavyotakiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usisimame, mwanangu." Akavuta kigoda, akakaa. Akasema, "Nilikufikiria vibaya." Kisha akaomba maji ya kunywa, na hatukulizungumza tena jambo hilo.

Mnada wa Mkiwa niliuacha. Mtinko nilikwenda Jumamosi moja, nikapumzika inayofuata, na robota alilishusha mwingine. Nilihamia nguo za watoto, ambazo ni nyepesi na zinauzwa mtu amekaa. Mume wangu alijifunza kusonga ugali, mgumu kama jabali mwanzoni, baadaye wa kulika. Nguvu zilirudi kwa miaka, tena si zote. Hata leo nikikaidi na kufua mashuka yote siku moja, najua siku mbili mbele nitakuwa wapi, kwa hiyo nafua mawili, mengine nayaacha kwenye beseni yasubiri, na atakayeyaona akasema mimi mvivu, namkaribisha ayafue.