Upinde Uliogeuzwa Rula

Mwalimu Fanuel Magige alikuwa mtu wa vipimo. Alipima vimo vya watoto wa darasa la pili, alipima hatua kutoka jikoni hadi chooni, na tangu mama yake afariki alipima hata unga wa ugali kwa kikombe kimoja kisichobadilika. Kitu kimoja tu hakukipima vizuri, nacho ni hasira ya baba yake.

Mambo yalianza mwaka 1963, wiki ile mkaguzi wa shule alipotuma habari kwamba anakuja kutoka Homa Bay. Shule ya Fanuel, mwendo mfupi kutoka Ntimaru, ilikuwa na ubao, kengele ya rimu ya lori na walimu wawili, lakini haikuwa na rula ya yadi, na ilisemekana mkaguzi huyo alipenda sana rula za yadi. Fanuel aliingia nyumbani kwa baba yake akitafuta kipande cha mbao. Juu ya jiko, kwenye pao, aliuona upinde wa marehemu babu yake, hauna upote, ile kamba ya kuuvutia, umenyooka, mweusi kwa moshi wa miaka mingi. Yeye aliona mbao nzuri iliyokaa bure. Akaushusha, akaukata kwa msumeno inchi thelathini na sita kamili, akauparua upande mmoja ukawa bapa, akachora inchi kwa wino. Kipande kilichobaki alikifanya fimbo ya kuonyeshea ubaoni, maana hakupenda kupoteza kitu.

Mkaguzi alifurahi kweli. Aliandika kwenye kitabu cha wageni kwamba shule ina vifaa vya kupimia vya kuridhisha. Fanuel akarudi nyumbani akipiga mluzi, akamkuta baba yake, mzee Magige, amesimama kando ya jiko akitazama juu. Mzee hakuuliza lolote. Fanuel mwenyewe ndiye aliyejitolea kueleza, tena kwa fahari, kwamba sasa upinde wa babu unasomesha watoto sitini. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga mdomo, na kwa mwanawe hakuufungua tena.

Msidhani alikuwa bubu. Na majirani alipiga soga, ng'ombe aliwasifu kwa majina, na zaidi ya wote alizungumza na mbwa wake, Bosi. Neno lolote lililopaswa kumfikia Fanuel lilipitia kwa Bosi. "Bosi, ugali wa leo haujaiva." "Bosi, kuna mtu ameacha lango wazi, na huyo mtu amesoma." Fanuel alijaribu kujibu moja kwa moja, lakini kila alipofungua kinywa mzee alinyanyuka na kigoda chake akaenda kukaa kwingine. Basi naye akajifunza kumjibu mbwa. Mwalimu mwenye cheti, anayeheshimika mpaka sokoni, akawa anapokea amri za nyumbani kwa mdomo wa mnyama.

Mwaka mmoja na nusu ukapita hivyo, na huenda angezoea, ila akampenda Nyanchama. Nyanchama alishona nguo kwenye baraza ya duka la Dahir pale Ntimaru, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Alimpenda Fanuel, jambo ambalo Fanuel hakulielewa vizuri na hakutaka kulihoji. Lakini posa ina taratibu zake. Watu wa msichana wangekuja kutazama ng'ombe, na baba wa kijana angesimama mbele yao, aseme kwa mdomo wake kwamba huyu ni mwanangu na hawa ni ng'ombe wake. Baba asiposema, hakuna ng'ombe anayetoka zizini, na hakuna mke anayeingia.

Fanuel akakimbilia kwa baba yake mdogo, Werema.

"Baba mdogo, simama wewe useme."

"Ndugu yangu yuko hai," Werema akamjibu. "Ng'ombe wa mtu aliye hai nitawatoa mimi kama nani? Wewe mtengenezee upinde."

"Si ninunue tu?"

"Wa kununua angeutaka, angenunua mwenyewe. Nimesema tengeneza."

Nyanchama alipoambiwa, hakucheka wala hakulia. Aliuma uzi, akasema, "Baba yangu atakuja baada ya mavuno. Fanya haraka, mwalimu, nisije nikaposwa na mbwa."

Fanuel hakuwahi kuchonga hata mwiko. Alikwenda bondeni, akakata mti wa mkole mbichi, mnyoofu, mnene kama kifundo cha mkono. Akaurudisha nyumbani na kuuanika juu ya mabati ya shule ili ukauke upesi, maana muhula ulikuwa unakaribia kwisha na yeye alipenda kazi iende na kalenda. Ulikauka kweli upesi. Siku ya nne ulipasuka kutoka ncha hadi ncha, na watoto wa darasa la tatu wakautumia kuangushia mapera.

"Bosi," mzee alisema jioni hiyo akitazama pembeni, "mti huanikwa kivulini. Juani wanaanika nguo."

Wa pili Fanuel aliuanika kivulini, chini ya paa la ghala, akangoja wiki saba. Kwa Dahir akapata kipande cha chupa cha kukwangulia. "Chupa nzima ina bei, mwalimu," Dahir alimwambia, "hiyo iliyovunjika nakupa bure, lakini ukijikata usije kuniomba dawa." Kisha akaketi uani kuchonga, na pembeni yake, ili kazi iwe ya uhakika, ameweka rula ya shule.

Mzee Magige alipita, akaona. Mwanawe alikuwa amelaza rula ile juu ya mti mpya, anahesabu inchi kutoka katikati kwenda huku, na inchi zile zile kwenda kule, ili pande zote mbili ziwe na unene mmoja. Mzee alisimama.

"Bosi," akasema kwa sauti ndogo, "njoo uone mtu anampima mtoto kwa mfupa wa babu yake."

Hapo ndipo Fanuel alipoona alichokuwa amefanya. Si kwamba hakuwa akijua. Alijua kwa akili, kama unavyojulikana mji mkuu wa nchi ya mbali. Sasa kilimwingia moyoni. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Aliirudisha rula shuleni siku ile ile, akaifungia kabatini, na darasa la pili likawa linapima kwa kamba.

Upinde wa pili hata hivyo ulivunjika. Pande zake zilikuwa sawa kwa inchi lakini mti haukujali inchi. Upande mmoja ulikuwa na fundo, mwingine ulikuwa laini, na alipouvuta ule laini ulikunjika peke yake ukakatika. Fanuel alitaka kutupa kisu. Ni mzee aliyemzuia, au tuseme, ni Bosi.

"Bosi, sikiliza vizuri, sitarudia," mzee alisema, naye Bosi alikuwa amelala fofofo. "Upande unaopinda uuache. Kwangua ule unaokataa, kidogo tu, halafu uvute mara thelathini, halafu urudi nyuma utazame. Na usiuvute mpaka sikioni siku ya kwanza. Leo kiwikoni, wiki ijayo begani. Mti ufundishwe, usishtuliwe."

Kuanzia siku hiyo mambo yakawa ya ajabu. Kila jioni baada ya shule Fanuel alifunga upinde wa tatu, wa mti aliokuwa ameuanika pamoja na ule wa pili, kwenye panda ya mti, akauvuta kwa kamba, akarudi nyuma hatua kumi na kuutazama ukipinda. Nyuma yake mzee alitazama pia. "Bosi, pale karibu na mshiko." Fanuel akakwangua. "Bosi, inatosha, mwambie aache." Fanuel akaacha. Mzee alileta mwenyewe mafuta ya ng'ombe ya kuupaka, akayaweka mbele ya mbwa, na mbwa akayalamba nusu kabla Fanuel hajayachukua. Alileta na kano za mgongo wa fahali, akakaa akizisokota upote huku akimweleza Bosi jinsi zinavyosokotwa. Fanuel hakuwa amefurahi hivyo tangu utotoni, na alijiona mjinga kufurahi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akizungumza naye.

Mavuno yakaisha. Mzee Mogaka, baba yake Nyanchama, akatuma neno: Jumamosi. Na siku tatu kabla ya Jumamosi hiyo, Bosi akatoweka. Jirani alimwona akivuka mpaka kuingia Tanzania nyuma ya jike mmoja mwekundu. Amekwenda kutafuta mke bila posa wala ng'ombe, Fanuel aliwaza, na wivu ukamshika kweli.

Siku tatu nyumba ile ilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Baba na mwana walikula wakitazama bakuli. Fanuel aliendelea kuuvuta upinde peke yake, na mzee aliendelea kutazama. Kuna wakati alifungua mdomo, akatafuta kwa macho pale Bosi alipozoea kulala, akaufunga.

Jumamosi wageni wakaja, Mogaka na ndugu zake wanne, na Nyanchama akiwa na wanawake upande wa jiko. Ng'ombe walitazamwa meno na kwato. Watu wakakaa. Werema akajikohoza na kumtazama ndugu yake. Ilikuwa zamu ya baba kusema. Fanuel alipiga moyo konde, akaingia na upinde, akapiga goti na kuuweka mikononi mwa mzee.

Mzee aliugeuza huku na huku. Alipitisha kidole gumba kwenye tumbo lote la upinde.

"Wa kutundika ukutani huo," Mogaka akatania, ili kuvunja ukimya. "Wa watoto wa shule. Hauwezi kupeleka mshale mpaka hapo langoni."

Mzee Magige alisimama kwa ghafla. Kuna matusi ambayo baba anaweza kumtukana mwanawe mwaka mzima kupitia kwa mbwa, lakini hayaruhusu kinywani mwa mgeni. Aliupachika upote, akapanua miguu, akauvuta ule upinde ambao ulikuwa haujazidi begani. Aliuvuta mpaka sikioni, na zaidi kidogo, ili Mogaka aone.

Ulivunjika kwa mlio uliowashtua kuku.

Hakuna aliyecheka. Mzee alibaki na kipande mkononi na kingine kikining'inia kwenye upote, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyekamatwa akiiba. Akamtazama mwanawe machoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mwaka ule wa mkaguzi.

"Fanuel," akasema.

Fanuel aliokota kibanzi kilichoangukia mbele yake.

"Fanuel, upande wa chini ulikuwa bado mgumu. Niliuona tangu Alhamisi. Nilitaka kusema." Akatazama pale Bosi alipozoea kulala. "Mbwa hakuwepo."

Werema aliinamisha kichwa. Kule jikoni Nyanchama aliziba mdomo kwa leso, na hakuna ajuaye alikuwa akizuia nini.

Ndipo mzee Magige akageuka kwa wageni, vipande vikiwa bado mkononi, akasema kwa sauti iliyofika zizini, "Huyu ni mwanangu, na hawa ni ng'ombe wake," akaendelea kusema, kuhusu mwana, na kazi yake, na mikono yake, na jinsi alivyojifunza upesi kuliko wengi, mpaka Mogaka akaomba radhi mara mbili ili aruhusiwe kusema amekubali.

Fanuel alikuwa akilia. Wageni waliafikiana kwamba kijana analia kwa furaha, kwa kuwa amepata mke, na wakasifu moyo wake laini. Hakuwasahihisha. Alikuwa bado amepiga goti akiokota vibanzi vya mkole ardhini, kimoja kimoja. Ulikuwa umebakiza wiki moja tu, mkwaruzo mdogo tu upande wa chini, na hakuwahi kutengeneza kitu kizuri kama kile maishani mwake.

"Acha hivyo vibanzi," baba yake akamwambia. "Inuka, wageni wanangoja chakula."