Kizunguzungu cha Mzee Ngazi

Kazini walimwita Mzee Ngazi, na jina halikuwa la kejeli. Kwa miaka thelathini na mmoja alipaka rangi kuta za maghorofa, akining'inia kwenye kamba huku akipiga mluzi, wakati sisi wengine tukipanda stuli kubadili taa tunaanza kumkumbuka Mungu. Kastaafu salama, halafu mtu huyo aliyezoea ghorofa ya kumi na nne akaja kuangushwa na gemu, tena akiwa ameketi kwenye kochi.

Gemu lilitoka kwa binti yake wa pekee, nesi aliyehamia mji wa mbali. Mama yake alipokuwa hai ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba; simu ikilia, mama anaongea nusu saa, baba anapewa dakika ya mwisho ya kusalimia. Mama alipofariki, simu zikawa za hujambo sijambo, kisha kimya. Ndipo binti alipokuja likizo akamfungia gemu kwenye runinga, akamfundisha vitufe, akamvalisha vipokea sauti. Kila Jumamosi asubuhi wakawa wanakutana humo ndani, kila mmoja akiwa kwake, wakikata magogo msituni na kujenga kibanda.

Na kweli, mikono ikipata kazi, midomo ilifunguka. Binti alisimulia wagonjwa wake, mchumba aliyeingia mitini, jinsi anavyomkumbuka mama. Baba naye alisema mambo ambayo hata marehemu hakuwahi kuyasikia. Alizipenda Jumamosi zile kuliko kitu chochote alichobakiwa nacho.

Ila ule msitu ulimzungusha. Dakika kumi tu, jasho jembamba linamtoka shingoni, chumba kinainama, kichefuchefu kinapanda. Aliweka ndoo kando ya kochi, akajikaza kisabuni. Angesema neno moja yangekwisha, lakini neno hilo mafundi wa kamba hawalitamki. Kwao, anayesema anasikia kizunguzungu hushushwa, na akishushwa hapandishwi tena. Atakoroga rangi chini hadi azeeke. Basi mtu akizidiwa husingizia jua, au kiatu kinachobana. Mzee aliamini kwamba akitamka tu, binti naye atamshusha.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye hakufa, lakini aliumbuka. Alibuni dawa yake mwenyewe: kufumba macho na kumsikiliza binti tu. Huko kwenye runinga ya binti, baba alionekana amesimama uso kwenye mti, hatikisiki, wakati anaelezwa habari nzito. Siku nyingine alichomoa waya ili akatapike, akasingizia umeme. Umeme ulikatika Jumamosi nne mfululizo.

Ya tano, binti alikuwa anaeleza juu ya mgonjwa aliyemfia mikononi, mwanamke aliyefanana na mama yake hata sauti. Akauliza swali. Hakujibiwa, kwa sababu mzee alikuwa amevua vipokea sauti na kuinamia ndoo.

"Baba, nimechoka kuongea na mgongo wako," binti alimwambia mzee aliporudi. "Kama hutaki, si ungesema tu."

"Nipo, mwanangu. Kiatu kilikuwa kinabana."

Binti akatoka. Jumamosi iliyofuata hakuingia, wala iliyofuata hiyo. Mzee aliingia peke yake, akakaa kwenye kibanda kisicho na paa akimsubiri mpaka alipotapika. Wiki ya sita tangu binti atoke, upweke ulimshinda, akapiga simu na kulisema lile neno. Gemu linampa kizunguzungu, tangu siku ya kwanza.

Binti alilia. Nesi mzima, alisema, na hakuona.

"Lizime hilo gemu, baba, usiliguse tena. Tutakuwa tunaongea kwenye simu tu."

"Sawa, mwanangu."

Akamuuliza kama amekula. Binti akasema amekula. Akamuuliza habari za mvua, akaambiwa huko bado haijanyesha. Wakanyamaza, kila mmoja na simu sikioni, kila mmoja akitafuta la kusema, mpaka binti akasema zamu yake inaanza, na mzee akamshukuru kwa kupokea.