Kura ya Safari ya Lisboa

Mume wetu ni mtu wa haki mpaka anachosha. Akileta kapulana ya kujifunga kwangu, ya pili yenye maua yale yale imeshafika kwa bi mkubwa. Akinunua samaki wawili, anawapima dukani kwa mizani, na mmoja akizidi kidogo anamkata mkia. Siku mbili kwangu, siku mbili kwa mwenzangu, nyumba zinatazamana, njia ya mchanga katikati. Mimi ndiye bi mdogo, kwa hiyo sina ubaya na haki yake. Bila hiyo ningekuwa nakula mikia tu.

Lakini haki si raha. Kazi yake ni kufyatua matofali ya saruji, na ile miaka gesi ilipogunduliwa baharini, mji wetu wote wa Palma ulitaka kujenga. Mwenye kiwanja alitaka nyumba ya wageni, mwenye nyumba ya wageni alitaka ghorofa. Mashine yake ilinguruma tangu alfajiri. Akifika kwangu anakula nusu amesimama, jicho moja kwenye saa. Siku yake ya pili ikigonga alasiri, keshaanza kutafuta ndara zake avuke njia. Hata fungate yangu, siku saba za bibi harusi, siku ya nne aliniaga akaenda kuangalia kama saruji imeingia maji. Hilo sijalisahau, na sina nia ya kulisahau.

Ndiyo maana nilipoliona tangazo la Lisboa, tamaa ilinikaa kooni. Nilikuwa nafanya kazi mapokezi kwenye nyumba moja ya wageni, kazi niliyoipata kwa Kireno changu cha darasa la kumi. Wageni wa gesi walijaa humo na kofia zao ngumu na viatu vya matope. Mmoja wao, Mreno wa makamo aliyekuwa anapima ardhi na kupakumbuka kwao kila baada ya chakula, alinionyesha kwenye kompyuta tangazo la wakala wa safari wa Pemba, mji mkuu wa jimbo letu. Walikuwa wanauza pakoti, yaani safari yenye kila kitu ndani: ndege kwenda na kurudi, siku tano hotelini, chai ya asubuhi, na siku moja ya kuzungushwa mjini kwa tramu. Bei ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani, maana ulikuwa msimu wao wa baridi na wenyewe hawataki kutoka nje. Sharti lilikuwa moja, watu wawili chumba kimoja.

Watu wawili, chumba kimoja, siku tano, na hakuna njia ya kuvuka. Niliyasoma maneno hayo mara tatu. Sikutaka majumba ya wafalme wala maduka. Nilitaka kumwona mume wangu ameketi kitako, hana pa kwenda, anazungumza na mimi mpaka mazungumzo yaishe yenyewe.

Kumshawishi kulinichukua zamu zangu tatu na pweza wa nazi wawili. Kwanza alisema Ulaya hana shughuli. Nikamwambia masika yanakuja na matofali hayatakauka hata akiyapepea. Akasema miguu yake haipendi baridi. Nikamwambia huko kuna nyumba za mawe zenye umri mkubwa kuliko babu wa babu yake, hazina ufa, na fundi mwenye akili angekwenda kuzitazama kwa macho yake. Hapo akajikuna kidevu, nikajua samaki ameingia. Asubuhi alitoa malipo ya kwanza, na mimi nikampigia dada wa wakala kabla moyo wake haujageuka. Yule dada aliniuliza kama ni fungate, kwa sababu maharusi wanawekewa matunda chumbani. Nikajibu ndiyo. Miaka tisa ya ndoa na watoto watatu, lakini sikuona kama ni uongo, maana nilikuwa nadai siku nne.

Fomu nikaijaza kwenye kompyuta ya kazini, jina lake na jina langu. Pasaporte tulikuwa nazo wote watatu. Mwaka uliotangulia alitupeleka Pemba pamoja tukazichukue siku moja, asije mtu akasema ameachwa. Siku hiyo bi mkubwa alifika kwa mpiga picha amejipaka msiro wa urembo uso mzima, mweupe kama anakwenda harusini. Mpiga picha akakataa. Bi mkubwa naye akakataa kunawa, akasema hawezi kuonekana na serikali uso mtupu. Nilikwenda mwenyewe kutafuta maji, nikamnawisha huku yeye ananinunia na mimi nimebanwa na kicheko. Nasema haya ili ieleweke kuwa hatukuwa maadui. Uke wenza una miba yake, lakini wanangu wawili walizaliwa mimi nimeushika mkono wake.

Basi mambo yalikuwa yamenyooka, mpaka mume wetu alipokwenda kwa maalimu kuuliza namna ya kusali ndani ya ndege. Jibu hilo alipewa, na jingine juu yake. Maalimu alimuuliza anasafiri na mke yupi, na amemchaguaje.

"Mwenye wake wawili akisafiri hachagui," aliniambia aliporudi, kofia mkononi. "Anapiga kura. Ndivyo alivyofanya Mtume."

Nani anabishana na hapo? Nikamwambia tu kwamba safari nimeitafuta mimi, nimeisemea mimi, nimeiandikia mimi. Akakubali yote, akasema Mungu ataniandikia kheri, na kura itakuwa Alhamisi baada ya alasiri. Wakala alikuwa ametupa muda wa kubadilisha majina mpaka Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo majina yatakayokuwamo ndiyo yatakayokatiwa tiketi. Mbio za sakafuni, kweli, huishia ukingoni.

Alhamisi tulikutana kwa wifi yetu, dada mkubwa wa mume, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumtuhumu kupendelea kwa sababu hatupendi sote wawili. Alitaka kila mmoja atoe kitu chake, kiwekwe kwenye bakuli lililofunikwa kitambaa, naye atie mkono bila kutazama. Ambaye kitu chake kitatoka ndiye anayekwenda. Bi mkubwa alivua pete yake nyembamba. Mimi nilishalipanga tangu usiku, nikatoa ufunguo wa kasha langu, ule mkubwa wa zamani, nikiamini mkono hauwezi kuukosa. Wifi alitia mkono, akapapasa, akausogeza ufunguo wangu pembeni, nikausikia ukigonga bakuli, kisha akatoa pete. Baadaye alijitetea kwamba alidhani kile chuma ni kijiko kimesahaulika.

Nilimtazama bi mkubwa. Kwetu ukipata kitu ambacho mwenzio amekihangaikia, unakikataa kwanza, mnasukumana kidogo kwa adabu, na mara nyingi kinarudi kwa aliyekihangaikia. Mume wetu alikuwa anangoja jambo hilo. Wifi hata alikohoa kumkumbusha. Bi mkubwa aliichukua pete yake, akaivaa, akainyoosha kanga yake.

"Nimeshinda," alisema. "Naenda."

Nilirudi nyumbani nikaunguza wali. Nililia kwa hasira, sio kwa huzuni, na ni vitu viwili tofauti. Nilimchukia yeye wala si mume wetu. Nilijiambia kwamba mwanamke huyu hajui neno la Kireno zaidi ya bom dia, safari yake ndefu ni kuvuka Ruvuma kwenda kwa shangazi yake Mtwara, na sasa anakwenda kukaa siku tano na mtu ambaye tayari anampata kamili nusu ya mwezi. Maana hivyo ndivyo nilivyoamini. Kila alasiri mume wetu alipozitafuta ndara zake kwangu, niliamini haraka yote ile ni ya kwenda kukaa kwa mwenzangu. Mimi namlisha amesimama, mwenzangu anamlisha ameketi.

Asubuhi ya Ijumaa nilifika kazini mapema, nikafungua fomu. Nilifuta jina langu, nikaandika la bi mkubwa, nikaingiza tarehe yake ya kuzaliwa niliyoikariri tangu siku ile ya Pemba. Namba ya pasaporte angeniletea mwenyewe. Kisha mkono ukakataa kazi, kwa sababu nilikuwa nimeona jambo. Fomu ya zamani yenye jina langu ilikuwa imeshafika kwa wakala. Nisipotuma kitu mpaka saa sita, ninayekwenda ni mimi. Na nani atauliza? Mtandao wa Palma siku zile ulikuwa unakatika kila kukicha, wageni wote wameung'ang'ania. Ningesema tu ulikatika, na mume wetu, mtu wa haki, angesema ni kadari.

Saa nne bi mkubwa aliingia, pasaporte ameifunga kwenye mfuko wa plastiki, plastiki ameifunga kwenye pindo la kanga, na mkononi sahani ya vitumbua. Alikaa kwenye kiti cha wageni. Nikaichukua pasaporte, nikaandika namba, nikaacha hapo hapo. Akaniuliza kama imekwenda. Nikamwambia mtandao umekatika.

Pembeni yetu yule Mreno alikuwa anaongea na mkewe kwenye kompyuta, sura ya mkewe inaonekana safi mpaka hereni. Bi mkubwa akamtazama Mreno, akanitazama mimi. Alikula kitumbua kimoja, akanisogezea sahani, akaendelea kukaa kama mtu aliyekuja kushinda.

Saa tano ilipita hivyo. Nikapokea wageni wawili, nikatoa funguo, nikarudi nikamkuta pale pale. Mwishowe akaniuliza kwa sauti ya chini, bila ukali, kwa nini niliitaka sana safari hii. Nilikuwa nimechoka kumeza maneno, nikamtolea yote: saa ya mume wetu, ndara zake, ile fungate ya siku tatu, na jinsi nilivyotaka siku tano tu za kuwa na mtu asiye na haraka ya kuvuka kwenda kwake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, anajifuta macho kwa kanga.

"Mdogo wangu," alisema, "mimi nimekaa naye peke yangu miaka kumi na miwili kabla hujaja. Hakukuwa na njia ya kuvuka wala nyumba ya pili. Alikuwa anakula amesimama vile vile."

Nikamuuliza, na sasa je, zamu zako? Akaniambia kwake pia mume wetu alasiri huanza kutafuta ndara, na yeye miaka yote tisa alidhani anakimbilia kwangu, kwa sababu mimi ni mdogo na nina Kireno. Aliwahi kusimama dirishani kutazama kama akifika kwangu anakaa. Na mimi nilishasimama dirishani kwangu nikitazama vivyo hivyo, lakini hilo sikumwambia siku ile, niliona aibu. Nilishikwa na kicheko badala yake, kicheko kilichotoka na machozi, mpaka Mreno akatoa vile vitu vya masikioni akatuuliza kama kuna habari njema.

Nilipopata pumzi nikamuuliza sasa yeye anakwendea nini Lisboa, kama anajua mtu mwenyewe hakai.

"Nataka kupanda ndege," alisema. "Yeye aje tu, maana pakoti ni ya wawili."

Ilikuwa imebaki robo saa kufika saa sita. Niliisoma fomu mara moja zaidi, jina lake herufi kwa herufi, nikaituma. Sitajifanya mtakatifu, moyo uliniuma, na uliendelea kuniuma wiki nzima. Lakini ulikuwa unauma mahali pengine, sio pale pa jana. Jibu lilirudi haraka, nikamtafsiria: jina limebadilishwa, safari imethibitishwa, wasafiri waje na nguo za baridi. Bi mkubwa akaitazama ile karatasi kwenye kioo kwa muda mrefu, akaligusa jina lake kwa kidole, na nikaona kwamba amefurahi kwa namna ambayo sijawahi kumwona amefurahi. Nikafurahi kwa ajili yake, na hilo lilinishangaza mwenyewe.

Kule msikitini mume wetu alikuwa anaswali kwa utulivu wake wote, bila kujua kwamba tumeshalinganisha habari zake. Tulimaliza vitumbua. Nikamwambia mwenzangu anunue raba nzuri za kutembelea, kwa sababu mji ule una vilima, na mume wetu atamwacha nyuma siku zote tano.

"Hataniacha," alisema huku akifunga pasaporte yake kwenye pindo la kanga, mafundo mawili. "Na yake nitaifunga humu humu."