Nilivyomfikisha Bibi Uwanja wa Ndege kwa Kupitia Mitole

Watu wangu wa Likawage, nasikia maneno yanazunguka huko kwamba tulipotea njia, gari likakwama, na bibi yangu Mwajuma nusura aachwe na ndege ya kwenda Makka. Aliyewaambia hayo mwambieni anitafute mimi, Shamsa. Hakuna aliyepotea wala aliyekwama. Nawaandikia ilivyokuwa, toka mlangoni kwetu mpaka mlango wa uwanja wa ndege, halafu mtasema wenyewe.

Safari hii mimi nilijiingiza kwa mdomo wangu. Siku ya kikao cha familia mjomba Bakari alisema bibi atapanda basi Nangurukuru kama watu wote. Nikawaka.

"Mjomba, magoti ya bibi unayaona? Kutoka kitandani mpaka msalani anapumzika mara mbili. Unataka kumfungia kwenye basi saa sita, halafu ashuke Mbagala aanze kutafuta teksi na begi kichwani?"

"Basi mpeleke wewe, si unajua kila kitu."

"Nitampeleka. Kwa gari la peke yake."

Wakacheka wote. Simu yangu mnaijua ina ufa katikati, na hakuna aliyenifundisha kuitumia, nimejifunza kwa kubonyeza. Usiku uleule nikapata kampuni moja ya Dar inayopeleka watu uwanja wa ndege kwa magari binafsi. Unajaza abiria wangapi, mabegi mangapi, ndege saa ngapi, halafu unaweka alama kwenye ramani mahali gari likuchukue. Nikaandika Likawage. Ramani ikaniweka katikati ya pori, kijani tupu, kama hatujazaliwa. Nikapiga simu ofisini kwao.

"Dada, huko gari linafika kweli?" akaniuliza yule binti.

"Linafika! Kwani sukari tunayotia kwenye chai unadhani inakuja kwa ungo?"

Akacheka, akaandika.

Jioni ya kuamkia safari, gari jeupe liliingia uwanjani kwetu na vumbi lake. Akashuka kijana, shati jeupe, tai, miwani myeusi. Akatoa karatasi iliyoandikwa jina la bibi kwa herufi kubwa, akasimama nayo mbele ya mlango kaishika kifuani, kama wafanyavyo wakingoja wageni kwenye ndege. Uwanja mzima tulikuwa watu wanane na mbuzi. Bibi hajui kusoma, akaninong'oneza:

"Huyu anauza nini?"

"Huyu ndiye dereva, bibi."

Jina lake Filbert. Tulipomkaribisha chakula akasema yeye Mmakonde wa Newala, ila kakulia Dar. Bibi akapiga makofi.

"Mmakonde! Mtani wangu kajileta mwenyewe! Shamsa, mpe ming'oko huyu, njaa imemtoa kwao."

Alipoona ming'oko, vile viazi vya porini tunavyochimba huku, tai ikatupwa begani. Akala mpaka akalamba vidole. "Bibi, tangu mama yangu afariki sijala hivi vitu," akasema. Bibi akamjibu, "Kula, kesho utabeba."

Halafu ndipo bibi alipotangaza. "Kesho tunapita Mitole, kwa Somoe. Mtu haendi Makka na kinyongo cha mtu mgongoni. Nisipopata radhi ya Somoe, sipandi hiyo ndege."

Nikarudisha tonge sahanini. Bi Somoe! Wengine mnakumbuka ile harusi ya binamu yangu miaka minne nyuma. Bibi alisimamia sufuria tangu alfajiri, Bi Somoe akaja na kijiko chake, akaonja, akasema mbele ya wageni kuwa pilau mbichi. Nikamjibu palepale. Tangu siku hiyo wazee wale wawili hawajakanyagiana mlango. Eti leo bibi yangu mimi ndiye akaombe radhi?

"Aje yeye!" nikasema.

"Shamsa, nyamaza."

Filbert naye akakohoa. "Bibi, ofisi imeandika Likawage mpaka uwanjani. Kusimama njiani ruhusa ni dakika kumi na tano. Mitole ni kuacha njia. Kesho saa kumi alasiri kiongozi wa mahujaji anaita majina, na asiyekuwepo anaachwa. Siwezi."

Bibi akanyoosha mkono polepole, akamvua miwani, akaivaa. "Hii imeshakuwa yangu. Ukiitaka tutaonana Mitole."

Mtani akikunyang'anya kitu unamwendea polisi? Filbert alinitazama mimi, akatazama watu, watu wanacheka hawana mbavu. Akasema, "Basi tutoke mapema."

Saa kumi na moja alfajiri tuliondoka. Mlikuja wengi na tochi zenu, nakumbuka. Kila mtu alimshika bibi mkono na kumwambia jina la kumwombea, huyu mwanawe mgonjwa, huyu anatafuta mtoto. Bibi hakuandika hata moja, alikuwa anayarudia kwa sauti huku gari linaondoka. Hatujafika mbali Filbert akawasha kiyoyozi. Bibi akajikunyata kwenye kanga.

"Zima hiyo baridi, mtani. Nikifa humu utanizika wewe, na kaburi utachimba peke yako."

Kikazimwa. Tukafungua vioo, tukala vumbi letu kwa raha.

Saa mbili kasoro tulikuwa Nangurukuru. Tulikunywa chai na vitumbua, Filbert akiangalia saa kila akimeza. Kulia kwetu lami ya kwenda Lindi, kushoto lami ya kwenda Dar imenyooka, na sisi tukaiacha hiyohiyo tukashika tena vumbi kwenda Mitole. Nilivyokuwa nimenuna, hata mazingira siwezi kuwaelezea. Nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Bi Somoe akianza kumdharau bibi yangu.

Saa tatu na kitu tukafika kwake. Nyumba imefungwa. Jirani akasema yuko shambani, watu wote wanavuna ufuta. Gari likaenda mpaka njia ilipoishia kwenye kichuguu. Mbele ni kijia cha mguu tu, na bibi na magoti yake hafiki.

"Basi," nikasema kwa furaha. "Mungu kaona nia yako, bibi. Turudi."

Bibi alimtazama Filbert kwa ile miwani. Filbert akarudi kwa jirani, akaja na kiti cha plastiki. Tukamkalisha bibi, mimi upande huu, yeye upande huu, tukambeba katikati ya ufuta. Tai ya Filbert ikawa inanasa kwenye mabua. Bibi huko juu anatuelekeza kama nahodha: "Kulia. Kulia, mtani! Ni ufuta wa watu huo, usiukanyage!"

Bi Somoe alikuwa anasimamisha matita yakauke. Alituona toka mbali, hakutikisika. Tulipomtua bibi akasema:

"Mwajuma, umekuja na kiti chako? Uliambiwa kwangu hakuna pa kukaa?"

"Somoe, nakwenda Makka leo. Nimekuja kutaka radhi."

"Kwa lipi? Mimi na wewe tuna nini? Wewe nilikuradhi siku ileile, sufuria halijaoshwa. Mwenye neno na mimi yule pale." Akaninyooshea panga lake la kukatia ufuta. "Haya, mjukuu. Sema mbele ya huyu mgeni mwenye tai. Siku ile uliniambiaje?"

Nikainama kutoa bua kwenye kiatu.

"Sema!"

"Nilisema... nilisema huyu meno hana, kwake wali wowote utakuwa mgumu."

Filbert akageuka upande wa pili, mabega yanamcheza.

"Mbele ya wakwe," Bi Somoe akasema. "Watoto wakaniimbia njia nzima."

"Nilikuwa namtetea bibi yangu!"

"Unamtetea na nani? Na mimi? Mimi na bibi yako tumechezwa unyago siku moja, tumelala jamvi moja. Nikimwambia pilau mbichi aongeze moto, wewe unaingiaje?"

Nikamgeukia bibi aniunge mkono. Bibi alikuwa kavua ile miwani.

"Shamsa, mimi ningeweza kuja hapa kesho yake. Kila mwezi nilitaka kuja. Lakini ningekuja bila wewe, ningekuwa nimekukana mjukuu wangu mbele za watu. Nikasema nitangoja mpaka uje nawe. Sasa muda umekwisha."

Miaka minne natembea kifua mbele najua mimi ndiye ngao ya bibi. Kumbe yeye ndiye kanikinga mimi, na kwa ajili hiyo kamkosa rafiki yake. Jamani, mimi kutukanwa naweza, lakini hilo sikuliweza. Filbert akasema taratibu, "Dada, saa nne hii." Nikapiga magoti kwenye mabua.

"Shikamoo, bibi Somoe."

"Marahaba."

"Nilikukosea. Nilikutukana mbele za watu, na sikuwa na haki. Naomba uniwie radhi."

Aliniacha hapohapo kidogo, nadhani alikuwa anaonja. Halafu akanishika kichwa. "Nimekuradhi, duniani na akhera. Inuka." Akamwendea bibi, wakakumbatiana kiti kikataka kupinduka. "Na pilau ilikuwa mbichi," akasema.

"Ilikuwa mbichi," bibi akajibu. "Kuni zilikuwa mbichi."

Bibi! Mbele yangu! Wakacheka wale wazee mpaka wakafutana machozi kwa kanga moja.

Saa nne na nusu Filbert alirudishiwa miwani yake, na hapo mngeona dereva. Somanga tukapita wauza samaki wanatukimbilia na masinia, bibi anawapungia tu. Daraja la Rufiji tulilivuka saa saba kasoro. Kibiti tukaswali haraka, Filbert akitulindia viatu. Saa tisa tuko Mbagala, na magari yamesimama kama yamepandwa. Filbert akakata kushoto njia ya Mbande, tukachomoza Pugu, anapiga honi, na bibi nyuma anarudia majina yenu mmoja mmoja, hata la mjomba Bakari.

Saa kumi kasoro dakika saba tukasimama uwanjani. Watu ni bahari, kila hujaji na ukoo wake. Askari akasema wasindikizaji mwisho hapa. Kiongozi simuoni, nimeita mpaka sauti imekauka. Ndipo Filbert akanyanyua ile karatasi yake yenye jina la bibi juu ya vichwa vya watu, mrefu alivyo, na toka ndani kabisa mtu akaitika: "Bibi wa Likawage! Mleteni, kabaki yeye!" Wakamletea kiti cha magurudumu. Bibi akanishika uso kwa mikono miwili, akaniambia, "Umenifikisha." Mlango ukamfunika.

Nililala kwa shangazi Mbagala, asubuhi nikapanda basi. Nangurukuru nilishuka, lakini kwetu sikuja moja kwa moja. Nilichukua bodaboda kwenda Mitole, kwa sababu kuna mtu aliyestahili kujua kabla yenu, mnisamehe.

Mkitaka kuagiza gari kama lile njooni, nitawajazia mwenyewe, sasa ninajua mpaka pa kubonyeza. Ila nitawauliza kwanza kama kuna mtu njiani mnayepaswa kumpitia, tuweke na saa zake. Na mimi mdomo wangu ninao bado, msidhani umekufa. Ila nikitaka kumtetea mtu, siku hizi namuuliza kwanza kama ana adui.

Nilipofika Mitole, Bi Somoe alikuwa kwenye matita yake. Aliniona, akaacha kazi.

"Kapaa?"

"Kapaa, bibi."

Aliweka kiganja mdomoni, akapiga kigelegele kimoja kikakata shamba zima. Mwanamke wa shamba la pili akauliza kwa sauti kuna nini. "Mwajuma kapaa!" Naye akapiga chake, na wa shamba la tatu, kikaenda hivyo mpaka kule nisikoweza kuona watu. Na mimi nikapiga cha kwangu, kirefu kuliko vyao vyote.