Tairi Lililopita Magu

Juzi nilikuwa kwa fundi baiskeli pale Nachingwea, nikisubiri breki zangu. Mbele yangu alikuwepo kijana anayezunguka nchi kwa baiskeli, siku hiyo akielekea Ruangwa. Fundi alikuwa akimbadilishia tairi la nyuma, naye kijana akitusimulia siku aliyotoka Mwanza alfajiri akaenda kulala Lamadi, akipita miji midogo ya kando ya ziwa mmoja baada ya mwingine.

Mama mmoja wa kifugaji, wa wale waliohamia huku kwetu na ng’ombe wao, aliyeleta maziwa mjini, akasimamisha baiskeli yake.

“Magu ulipita, mwanangu?”

“Nilipita, mama. Saa nne asubuhi.”

“Ziwa lilikuwa mkono gani?”

“Kushoto.”

Akaitikia kwa kichwa, kama mwalimu anayesahihisha daftari. “Na Lamadi ulikula nini?”

“Chipsi kuku.”

“Kuku,” akasema taratibu. “Sato wote wale wa ziwani, ukala kuku.”

Fundi akalitupa pembeni tairi lililokwisha. Mama akaliokota, akalipapasa mzunguko mzima.

“Hili ndilo lililopita huko?”

“Ndilo hilo, mama.”

“Naomba nilichukue. La kufungia dumu.”

Dumu lake lilikuwa limeshafungwa vizuri, tena kwa kamba mpya. Akalitundika tairi begani, akaondoka akisukuma baiskeli kuelekea Nambambo.

Mimi ni mmoja wa wale ambao ng’ombe wakiingia kwenye mbaazi zetu, huwauliza wafugaji watarudi kwao lini. Nilidhani swali hilo tunaliuliza sisi tu.